Kitabu Tulichokisoma Pamoja, na Karatasi Niliyotia Sahihi

Mpendwa dada yangu Paskalina,

Nimebaki peke yangu kwenye ofisi ya walimu. Wenzangu wamekwenda kula, na ukungu umeshuka mpaka dirishani kama kawaida ya huku juu. Madaftari ya darasa la nne yapo mezani, nimeyasogeza pembeni. Nimechoka, dada. Kuna jambo nimelibeba tangu ulipohamishwa, na kwa kuwa sasa umeshatutoka, sina pa kulipeleka isipokuwa hapa. Nimeamua barua hii iwe wazi, walimu wenzetu waisome pia. Sidhani kama niko peke yangu.

Nianze na kile kitabu. Kilikuja kwenye boksi pamoja na vingine, vyote vya Kiingereza, vyote vikieleza namna ya kuifanya shule iwe mahali ambapo mtoto anakuwa salama, anatendewa sawa na wengine, na anajifunza kweli. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliviorodhesha, akavifungia stoo. Wewe ndiye uliyeomba ufunguo. Ukachukua kimoja, kile chenye jalada la kijani, ukakisoma na kamusi pembeni, na kila Ijumaa baada ya vipindi ukawa unatusomea kwa Kiswahili yale uliyoyaandika kwenye daftari lako.

Tulikucheka. Unakumbuka sura ya chumba cha utulivu? Kitabu kilisema kila shule itenge chumba chenye zulia na mito, mtoto aliyevurugika akapumzike humo. Sisi tulikuwa na watoto wanne dawati moja, na wengine chini. Mwalimu wa hisabati akauliza, "Tuhamishe ng'ombe wa nani tupate hicho chumba?" Ulicheka kuliko sisi sote, kisha ukasema, "Basi chumba tukiache. Tuchukue utulivu peke yake."

Kesho yake ukasimama mlangoni asubuhi, bila fimbo. Uliwaona watoto wa Kimaasai wanavyoinamisha kichwa kwa mtu mzima ili awaguse, ukaanza kuwagusa, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Wewe Mmbulu, huna neno la Kimaasai mdomoni. Mimi Mmaasai nilikuwa nimesimama nyuma yako na kibao.

Walimu wa leo wengine hawakijui, kwa hiyo nikieleze. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, kimeandikwa "Nimeongea kilugha." Mtoto akisikika anazungumza lugha ya nyumbani alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake akiizungumza, amvalishe. Mimi nilikuwa mwalimu wa nidhamu, kibao kilikuwa changu. Nilikivaa nilipokuwa mdogo, na niliamini kwa moyo wote kwamba ndicho kilichonifikisha kwenye ualimu.

Halafu ikaja siku ya Nasieku. Alikuwa darasa la tatu, mpole, walimu tulikuwa tumeshamwandika kuwa ni mzito. Niliuliza swali la mbuzi waliozaliwa na mbuzi waliouzwa, wamebaki wangapi. Nikamnyooshea kidole. Akamgeukia jirani yake, akamnong'oneza kwa Kimaasai. Nikamvalisha kibao na kumsimamisha mbele. Siku iliyofuata hakuja. Wala wiki iliyofuata.

Ulikuja kuniuliza wakati wa chai.

"Yule mtoto alimwambia nini mwenzake?"

"Alisema kumi na saba."

"Na jibu lilikuwa ngapi?"

Nikasema, "Kumi na saba."

Uliweka kikombe chini. Hukupandisha sauti. "Sasa Nashipai, kosa lake liko wapi?"

Nililisikia jibu lake siku ile ile, dada. Nilijua ni sahihi wakati namfunga ile kamba.

Jumamosi tukatembea kwenda bomani kwao, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu, wewe na viatu vyako vya kanisani. Tulimkuta bibi yake anakamua. Ukaniambia, "Mwambie tumekuja kumwomba mtoto msamaha." Nikamwambia bibi kwa Kimaasai kwamba tumekuja kumchukua mwanafunzi wetu. Ukanitazama.

"Mbona fupi hivyo?"

"Ndivyo inavyosemwa."

"Nashipai. Iseme yote."

Nikaisema. Katika lugha ya mama yangu, mbele ya bibi wa watu, nikamwambia mtoto wa miaka tisa kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Nasieku alijificha nyuma ya shuka la bibi yake. Bibi akacheka, akatukaribisha maziwa, akasema hajawahi kuona mwalimu akitembea mbali hivyo kuja kushindwa. Jumatatu mtoto alikuwa darasani.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote ya kazi hii. Tuliacha watoto wafikirie swali kwa Kimaasai, wabishane, kisha waje ubaoni waseme kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa mkalimani wako. Darasa lilikuwa na kelele kama mnada. Wewe ulikuwa unaniuliza, "Wanasemaje? Wanasemaje?" kama mtu anayefuatilia mpira redioni. Nasieku akaanza kunyoosha mkono. Kile kibao ulikitia kwenye jiko la chai, nami sikukuzuia.

Kulikuwa na sura moja tuliyoiruka kila Ijumaa, ya mwisho, iliyohusu ustawi wa mwalimu mwenyewe. Ulikuwa unasema, "Hiyo tutaisoma tukipata nafasi." Ulikuwa na presha tayari. Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unasubiri lori mpaka Karatu, kisha basi la Mbulu kumwangalia mama yako, na Jumatatu uko mlangoni unagusa vichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza umelala saa ngapi. Tulizoea kwamba wewe ndiye unayeuliza.

Sasa nifike pale.

Malalamiko yalianza pole pole. Kwamba watoto watafeli Kiswahili. Kwamba unajifanya unajua kuliko wenzako kwa sababu ya vitabu vya Wazungu. Mwalimu mkuu akaandika karatasi akisema unakiuka utaratibu wa shule na kuwagawa walimu, akatuita ofisini mmoja mmoja tutie sahihi. Kipindi cha pili wewe ulikuwa darasani unafundisha. Mimi niliitwa ofisini wakati huo. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba kuna shule ya mbali, Malambo, inahitaji mwalimu, na kwamba kama si wewe utakayehamishwa, atalazimika kumtafuta mwingine aliyeshirikiana nawe. Mwanangu alikuwa na miezi minne. Kulikuwa na sahihi mbili tayari. Nikatia ya tatu, nikarudi darasani kwako, ukaniuliza, "Wanasemaje?" na nikakutafsiria.

Barua yako ya uhamisho ilikuja baada ya wiki chache. Malambo. Kutoka kule hadi Mbulu ni safari ambayo huwezi kuifanya mwisho wa mwezi ukarudi. Siku ya kuondoka ulipanda lori na sanduku lako, ukanipa daftari la Ijumaa. "Endelea nao," ulisema. Nikasema nitaendelea. Sikuendelea. Wiki ile ile palichongwa kibao kipya, na nikakishika.

Nasieku alivumilia mpaka darasa la sita, kisha akaacha. Siku hizi anauza maziwa Nainokanoka, mama wa mtoto mmoja. Tukikutana ananisalimu kwa furaha, anauliza habari za nyumbani kwangu, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma.

Mimi nawe tuliongea kwenye simu mara chache, mtandao ukishika. Uliniambia unajifunza Kimaasai kwa watoto wa kule na kwamba wanakucheka. Sikukwambia kitu. Kisha nikapigiwa na mwalimu wa huko kwamba presha imekupanda, wamekuleta Karatu. Siku niliyopata usafiri wa kushuka, nilikutana na jeneza lako likipakiwa kwenda Mbulu. Nilikuzika nikiwa nimesimama na walimu wenzangu, nimevaa kanga sawa na wao, kama mtu asiye na lake.

Mwaka huu watu wa elimu wamekuja na vitabu vipya. Semina ilifanyika Karatu, ukumbi wa hoteli, chai na sambusa. Mwezeshaji, binti mdogo mwenye sauti nzuri, akasema mtoto aruhusiwe kufikiri kwa lugha ya nyumbani kwao wakati anajifunza ya shule. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada, nilitazama mikono yangu, ikakataa. Akauliza kama kuna mwenye uzoefu, na watu wa shule yetu wakaniangalia, maana sasa mimi ndiye mwalimu wa taaluma.

Nikasimama. Nikawaeleza habari za kumi na saba, na za ile karatasi. Nikasema sahihi ya tatu ni yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mmoja wa nyuma akauliza, "Na huyo dada yuko wapi sasa?" Nikasema tumemzika Mbulu. Mwezeshaji akatangaza mapumziko kabla ya wakati.

Jumamosi yake nikapanda basi kwenda kwenu. Mama yako alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nikamsaidia mpaka lile gunia lilipojaa nusu, kisha nikamwambia. Hakuacha kupukuchua.

"Alijua, mwanangu. Alipewa nakala. Alinisomea majina hapa hapa."

"Alikasirika, mama?"

"Alikasirika sana! Likizo nzima hataki jina lako litajwe. Wewe ulidhani nimezaa malaika?" Akatupa gunzi kwenye rundo. "Baadaye ikapoa. Akasema Desemba atapita huko kwenu akuulize mwenyewe, kwa nini. Alisema ukimwambia kwa mdomo wako, yataisha. Hiyo Desemba haikumkuta."

Nikalia pale, na mama yako akaniacha nilie. Alipomaliza gunia alinipa ugali na maharage, akanisindikiza mpaka barabarani.

Kwa hiyo ulikuwa na swali, na njia ilikuwa imeshapangwa. Lijibiwe basi, ingawa nimechelewa. Niliogopa kuhamishwa, dada. Niliogopa njia ya Malambo na mtoto mchanga mgongoni. Wewe ulikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, nikajiambia utaiweza. Hakuna zaidi ya hapo. Natamani kungekuwa na sababu kubwa kuliko hiyo.

Kengele imelia, watoto wanapanga mstari. Nina vipindi viwili mchana huu na sauti imenikauka. Lala salama, Paskalina. Ngoja niingie darasani.

Mdogo wako wa kazini,
Nashipai