Nyama Aliyoikataa Mariamo

Palma, mwezi wa Shaabani, 1971

Kwa dada yangu Fatima,

Salaam aleikum. Baada ya salamu, nauliza hali yako huko Mtwara, na mguu umepona? Sisi huku ndani ya waya tunapumua, tuseme hivyo.

Dada, kaa chini kwanza. Mwanao Mariamo, uliyeniachia ulipovuka Ruvuma, ametutoka Ijumaa. Inna lillahi. Tulimzika watu sita tu, maana askari hawataki watu wengi watoke.

Tangu Wareno watukusanye kwenye aldeamento hii, kijiji chao cha kutufungia, kuvua hakuna, kuku waliisha mwaka jana, tunakula ugali wa muhogo na maji ya chumvi. Mariamo na Atija wangu walikauka pamoja, wasichana wa miaka kumi na saba, vifua kama vya watoto, hedhi ikakatika. Enfermeiro, muuguzi wao, akawafunua macho, akasema damu hawana, watafutiwe nyama, ini hasa. Nitafute wapi, jamani?

Mungu si Athumani. Askari wakampiga risasi nyati karibu na Mute. Shemeji yako Sufo, waliyemchukua awabebee mizigo, akamwahi yu hai, akamchinja kwa bismillahi. Akatuletea ini na kipande cha paja usiku, wasichana wamelala, alfajiri wakamrudisha kazini. Ini tulikula kwanza, paja nikalikausha, nikawa nakata kidogokidogo. Haukupita muda Atija akarudi: mashavu, nguvu za kutwanga, hata siku zake. Mariamo akabaki mifupa, akisimama anashika ukuta. Homa ilipomjia, siku tatu tu.

Najua utauliza kwa nini wangu alipona na wako akafa. Dada, nyama ilikuwa kidogo. Nilimwambia Mariamo kwamba ni kibudu, nyati alikufa kabla ya kisu. Nilijua hataigusa, mtoto uliyemlea na msahafu! Akanijibu kwa upole kwamba sisi tule, ni dharura, yeye atavumilia. Na kila akimaliza kuswali nilimsikia akituombea msamaha, mimi na Atija, kwa haramu tuliyoila.

Nilimsikia, nikanyamaza. Hata siku ya mwisho nilinyamaza. Ole wangu!

Atija anakusalimu sana. Hajui kitu, nakuomba asijue. Nisalimie jamaa wote wa huko, ikiwa bado utataka kulitaja jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Cadija