Kola Iliyobaki Kavu

Dukani kwa dobi, chumba cha nyuma
Jumatano, tarehe kumi na nne, saa nane mchana

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mtu anayeandika akiwa amesimama, kwa sababu akikaa tu atalala. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi za hapo kazini, nami nikakuahidi dawa ya kuchua, ahadi ambayo nimeitimiza kwa kuisahau kabisa. Shemeji naye hajambo? Na wale wazee unaowatunza, yule bibi anayekuita mama yake bado yupo? Wasalimie wote, hata kama hawanijui.

Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Wifi yako anatembea akiegemea kuta. Mimi juzi nilimwambia mteja "usiku mwema" saa tatu asubuhi, naye kwa adabu zake akaitikia. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kwa wiki mbili, sasa ana mwezi wa nne, na anasema tangu azaliwe hajaona nyumba yenye uchovu kama hii. Hatujabishana naye.

Barua yako nimekaa nayo miezi miwili. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la kazi na imeshafuliwa mara moja, usicheke. Uliuliza mambo mengi ambayo ningeweza kuyajibu siku ileile, isipokuwa moja. Uliandika: "Mdogo wangu, bado unasali?" Sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na wewe ndiye uliyenifundisha kusali, ukinishika mikono yote miwili nisicheze na nzi.

Ngoja nikueleze bila kupaka rangi. Tangu tulipomzika binti yetu wa kwanza, miaka mitatu sasa, yule aliyekaa nasi siku nne akaondoka kabla hatujampeleka kanisani, mimi sikusali tena. Kanisani nilikwenda. Nilisimama waliposimama, nikakaa walipokaa, kitabu cha nyimbo nikakifungua ukurasa uleule na wenzangu, na midomo nikaichezesha. Ndani hapakuwa na kitu. Wala sikumkasirikia Mungu, Dada, afadhali ningekasirika. Sikuwa tu na la kumwambia. Wifi yako hakujua, au alijua akaniacha.

Kisha wakaja hawa wawili. Unawajua kwa picha, na picha zinawasingizia upole. Majina yao ya kanisani uliyachagua mwenyewe, la baba yetu na la mjomba, lakini hapa nyumbani mkubwa ni Kelele na mdogo ni Kimya. Kelele akihisi njaa inakaribia, mtaa mzima unapewa taarifa. Kimya yeye hulia kama mtu anayeomba radhi. Alizaliwa mdogo, kifua chake hakina nguvu, na kila tukimpeleka kliniki nesi anatuambia anaongezeka ila tumwangalie. Tunamwangalia mpaka macho yanatuuma.

Kwa sura ni mtu mmoja aliyegawanywa. Ndiyo maana niliwatia alama kama ninavyotia alama nguo za wateja: Kelele uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, Kimya uzi wa buluu. Sifa yangu unaijua. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii sijawahi kumpa mtu shati la mwenzake. Watu huleta nguo zao hapa kutoka mitaa ya mbali kwa sababu hiyo tu, maana kwa upole wangu wasingekuja.

Ubatizo ulipangwa Jumapili iliyopita, na tangu ulipopangwa nilikosa raha. Kilichonitisha ni lile swali. Unalijua, baba anaulizwa mbele ya watu wote kama anaamini, na anatakiwa kujibu. Mambo ya kuchezesha midomo kwenye wimbo nilishayazoea. Lakini kusema uongo nikiwa nimembeba mtoto wangu, tena baada ya yule wa kwanza, hilo lilinishinda. Nilitaka kumwambia Mchungaji, nikampiga chenga mara mbili. Nilifikiria hata kujifanya mgonjwa. Kisha nikamwona wifi yako anazikunjua zile kanzu mbili nyeupe ulizowashonea, anazipeleka shavuni, anacheka peke yake. Nikajikaza kisabuni. Jumamosi nikazipiga pasi mwenyewe, kola nikazitia wanga mpaka zikasimama.

Jumapili asubuhi mama mkwe ndiye aliyewavalisha. Mimi nilikuwa natafuta kiatu cha pili. Niliporudi nikakuta ameshika mkasi na nyuzi zangu ziko chini.

"Mama, mbona umezikata?"

"Baba Pacha, tuwapeleke watoto mbele ya Mchungaji na nyuzi mikononi? Watu watasema tumewafunga hirizi."

"Sasa tutawajuaje?"

"Mwanamume mzima, huwajui watoto wako!"

Mama mkwe hajibiwi. Nikajiambia nitawajua kwa sauti.

Kanisani swali likaja, na mimi nikasema "Naamini" kwa sauti ileile ninayowaambia wateja kwamba nguo zao zitakuwa tayari kesho. Hakuna aliyeshtuka. Mama mkwe alikuwa amewapakata wote wawili; nikamtoa Kelele, akamwagiwa maji, akapiga ukelele uliowafanya wanakwaya wacheke. Nikamrudisha kwa bibi yake, akamfuta kichwa, akamvutia shali mpaka kwenye nyusi. Ukaimbwa ubeti mmoja. Katika ubeti huo mama mkwe, bega likimuuma, aliwahamisha wajukuu zake, wa kushoto akaja kulia na wa kulia akaenda kushoto. Mimi sikuona, nilikuja kuambiwa baadaye. Nilikuwa nimesinzia wima, nimeshikilia benchi. Wifi yako alikuwa pembeni yangu amefumba macho. Nilidhani anaomba, baadaye akaniambia alikuwa amelala.

Ubeti ulipoisha nikachukua mtoto kutoka mkono ambao nilijua ndiko aliko Kimya. Mchungaji akataja jina, akamwaga maji, na mtoto akanguruma. Watu wakacheka tena. Dada, nilifurahi mno. Nilijisemea, kumbe kifua kimepona, sikia sauti hiyo!

Tulipofika nyumbani wifi yako alijitupa kitandani na viatu vyake. Mama mkwe akaingia jikoni. Mimi nikaanza kuwavua kanzu. Ya kwanza ilikuwa imelowa chapachapa, wanga wote umetoka, kola imelala. Nikaja kwenye ya pili. Kola ilikuwa kavu. Imesimama vilevile nilivyoiacha Jumamosi, na mstari wa pasi umenyooka kutoka begani mpaka chini. Nikaishika mara tatu. Mkono huu unaijua nguo iliyoguswa na maji hata ikiwa imekauka, na ile haikuguswa na tone. Ndani yake alikuwa Kimya, ananitazama, anakohoa kidogo kidogo.

Nilikuwa nimembatiza mtoto mmoja mara mbili.

Nikakaa sakafuni naye mapajani. Yule binti yetu alinijia mzimamzima, na zile siku zake nne. Nikasikia mtu anasema, "Ee Mungu, huyu usimchukue, sijamleta kwako bado." Ilikuwa sauti yangu. Nilisema hivyo tena na tena, na machozi yananidondokea kwenye kola ile mpaka nikamsogeza mtoto, nikiogopa isije ikaharibika.

Jumatatu sikumwambia mtu. Nilimchukua Kimya nikaja naye kazini, nikamlaza ndani ya kapu la mashuka safi, mbali na meza ya pasi, ili nimwone kila nikiinua kichwa. Wifi yako alishangaa ila hakuuliza, alipata saa tatu za kulala na mtu wa namna hiyo haulizi maswali. Karibu na adhuhuri pasi ikatoa mvuke, psss, na Kimya akacheka. Hajawahi kucheka, Dada. Kaka yake anacheka tangu mwezi uliopita, yeye hapana. Nikabonyeza tena, psss, akacheka mpaka kidevu kikatetemeka. Wateja wawili walisimama mlangoni na risiti zao, na mimi nabonyeza pasi juu ya hewa tupu kama mwendawazimu. Mmoja akaniuliza kama shati lake liko tayari. Nikamwambia kesho.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kujiuliza. Kama mimi si mtu wa kuamini tena, kwa nini nimepata kiwewe namna hii? Asiyeamini angeona ni maji tu, mmoja amelowa na mwingine hakulowa, basi.

Jumanne nikamweleza wifi yako kila kitu, nyuzi, kola, na ile miaka mitatu ya kuchezesha midomo. Nilitegemea alie. Badala yake akaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba. "Wewe dobi wewe! Mashati ya watu huyachanganyi, umewachanganya wanao!" Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kilio, tukalia wote wawili. Kisha akaniambia kwamba yeye naye kuna siku alikuwa anasema sala ili tu mimi nisione kwamba amechoka kuisema. Kumbe tulikuwa tunafichana ugonjwa mmoja.

Leo asubuhi Mchungaji amekuja kuchukua kanzu yake ya Jumapili. Nilimfungia njia ya kutokea, nikamwambia yote. Kuhusu Kelele alisema ubatizo ni mmoja tu, ile mara ya pili tumhesabie ameoga. Kuhusu mimi kusema naamini bila kuamini, alikaa kwenye kigoda cha wateja akafikiri, akaniuliza, "Na ile Jumapili mchana, uliposema Ee Mungu, ulikuwa unaongea na nani?" Nikageuka kumtazama Kimya, ambaye leo pia nimekuja naye, amelala kapuni. Akasema, "Lete maji."

Tukafanyia hapahapa dukani. Nilimpigia simu wifi yako, akaja mbio na kitenge kikiburuta, mama mkwe nyuma yake na Kelele mgongoni, kimya kabisa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Maji tuliyatia kwenye bakuli la kunyunyizia nguo, nililisugua kwanza. Kimya nikamvika kanzu yake, aliyokuja nayo mama yake. Mteja mmoja, dereva wa lori aliyefuata suruali zake, alivua kofia akasimama karibu na mashuka. Nafasi yako ya usimamizi wa ubatizo ilitajwa, usidhani tulikusahau.

Mchungaji akauliza tena lile swali. Nilitaka kujibu vizuri, kama ilivyoandikwa. Kilichotoka ni hiki: "Naamini, Mchungaji. Nimechoka, lakini naamini."

Akasema hilo la kuchoka halimo kitabuni ila litafaa, akamwaga maji. Kimya hakulia. Alifumbua macho yote, akapiga chafya, akanishika kidole. Dereva wa lori ndiye aliyelia.

Sitaki nikudanganye, Dada. Kifua bado kinakohoa, na Ijumaa tunarudi kliniki. Roho yangu bado iko mkononi. Nguo za wiki nzima zimerundikana hapa, usingizi nadaiwa wa miezi minne, na Kelele ndiyo kwanza anaota jino. Nilidhani imani ikirudi itanirudishia na nguvu zangu, kumbe imekuja yenyewe tu, bila mizigo. Naipokea hivyohivyo.

Kanzu ya Kimya nimeitundika mbele yangu. Imekunjamana yote, kola imelala upande, wanga umetoka. Ni mara ya kwanza nakiona kitu kama hicho na mkono haunisukumi kwenye pasi. Nitakutumia zote mbili pamoja na hiyo dawa ya goti, uzitunze mpaka waje kukutembelea shangazi yao.

Mama mkwe anakusalimu na anasema kosa ni langu. Wifi yako anakusalimu na anasema kosa ni la mama yake, ila nisiandike. Kelele na Kimya wanakusalimu, kila mmoja kwa namna yake. Msalimie sana Shemeji, na yule bibi anayekuita mama, mwitikie kwa niaba yetu pia.

Mungu akulinde, akutie nguvu miguuni, na akurudishe kwetu salama. Zamani niliandika maneno haya chini ya barua kama mtu anayegonga muhuri. Leo nimeweka kalamu chini, nimefumba macho, nikakuombea kweli, wewe na goti lako. Katikati nilisinzia kidogo. Nilipozinduka, niliendelea pale nilipoishia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nasinzia,

Dobi, Baba Pacha