Mwanao na Katekisimu

Kijiji cha Ujamaa Ntobeye,
S.L.P. Ngara,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
4 Machi, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Novatus,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Hujambo? Afya yako ikoje huko vitani? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha? Usiniandikie mambo ya jeshi yasiyoruhusiwa. Niambie tu kama unakula, na kama miguu haivimbi kwa viatu vile. Sisi huku tu wazima. Mwanao Speciose amerefuka mpaka gauni la shule linamwacha magoti nje. Mimi ni mgongo tu, na huo umeshakuwa mwenyeji.

Mvua zimeanza vizuri na maharage yametoka, ila palizi ya shamba la kijiji inatangulia, ya kwetu inangoja, na vijana wenye nguvu ndio ninyi mlioko mbali. Sabuni hakuna. Chumvi inakuja ikipenda. Mafuta ya taa tumeyasahau, kwa hiyo nakuandikia mchana huu wa Jumapili baada ya sala, nimekaa mlangoni. Nyumba zimepangwa mstari, nina jirani kulia na kushoto, na bado, Novatus, sijapata kuwa mpweke namna hii. Kule kwetu mlimani, kabla ya kuhamishwa, jirani alikuwa mbali lakini Bartholomayo alikuwa ndani. Sasa mume wangu amelala kule kwenye mahame, migomba imemfunika, na mimi niko huku kando ya barabara nasikiliza redio ya watu.

Haya, tuje kwenye barua yako. Nilimpa Speciose aisome kwa sauti, nikijua ni salamu. Kumbe umeandika kwamba wewe na rafiki yako Ndassa, yule kijana wa Shinyanga, mnasoma Biblia pamoja handakini, kwamba umeokoka, na kwamba umeona katekisimu ni maneno ya watu. Umeagiza Speciose asifundishwe tena hiyo katekisimu wala asipate Kipaimara, mpaka urudi umfundishe Neno lenyewe. Mtoto aliikunja barua, akaiweka mezani, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Nilikasirika, sitakuficha. Katekisimu hiyo ndiyo mama alikufundisha huku akimenya ndizi, yeye ambaye hakujua hata herufi moja. Swali, jibu, swali, jibu, na ukikosea unatupiwa ganda. Kama mama angengoja ajue kusoma Biblia ndipo akuambie habari za Mungu, leo ungekuwa unamwomba nani huko kwenye risasi?

Hata hivyo mimi si mkaidi kama unavyonisema. Una haki upande mmoja, na haki yako nakupa. Unamkumbuka mama Eufrazia, yule mjane wa bondeni, ambaye Kiswahili chote anachokijua alikipata katika mafundisho ya ubatizo? Juzi juzi alikuwa anakwenda Nyakisasa kumwona binti yake, akakuta kizuizi cha mgambo. Wakamwuliza kwa ukali anatoka wapi na anakwenda wapi. Bibi wa watu akasimama wima, akakunja mikono kifuani, akajibu kwamba anatoka kwa Mungu na kwa Mungu atarudi. Wakadhani anawadhihaki! Wakamkalisha juani mpaka balozi wetu wa nyumba kumi alipokwenda kumtoa.

Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza, "Mwalimu, si ndivyo marehemu alivyotufundisha? Nimekosea jibu lipi?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaniishia. Marehemu anayemtaja ni mume wangu, aliyeniachia kazi hii ya kufundisha dini. Mama wa watu amebeba yale majibu miaka yote hii na hatukuwahi kumweleza yanasema nini. Tangu siku hiyo kila jibu nawaeleza watoto kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, na nawasomea mahali pake katika Agano Jipya la Bartholomayo. Kwa hiyo usidhani nimeiweka katekisimu juu ya Maandiko. Kwangu ni fimbo ya safari. Anayekwenda Rulenge kwa miguu hakatazwi fimbo, ila fimbo siyo Rulenge.

Lakini na mimi nina la kukuuliza. Ukifika kwenye mstari usiouelewa, unamwendea nani? Umeandika mwenyewe kwamba Ndassa anakufafanulia. Basi Ndassa naye ni mtu, mdogo wangu, tena mtu wa juzi. Yakitoka kwake ni Neno, yakitoka kwa wazee waliokaa wakasali wakayapima ndiyo yawe maneno ya watu? Jirani yangu Limi, ambaye ni Msukuma mwenzake, kanisa lao halina katekisimu kama yetu. Lakini ananiambia hata wao kabla ya kubatizwa waliketi darasani wakaulizwa wanaamini nini. Kila anayeisoma Biblia itafika siku ataulizwa hilo, na itabidi ajibu kwa kinywa chake. Sisi majibu yetu tumeyaandika ili kila mtu asije na lake.

Nikuambie jambo ambalo sikulisema msibani. Bartholomayo alipokuwa amelazwa, siku zile macho yalikuwa hayaoni tena, nilimsomea Injili akachoka kusikiliza, akageukia ukutani. Nilidhani ameshaniacha. Ndipo nikamwuliza swali la kwanza, kama yeye alivyozoea kuwauliza watoto. Akajibu. Nikamwuliza la pili, akajibu. Biblia mtu anaweza kuisoma peke yake, Novatus, lakini katekisimu haiendi bila wawili. Tuliendelea hivyo mpaka sauti ikaisha, akawa ananijibu kwa kunibana kidole. Hayo maneno ya watu ndiyo yaliyotuweka pamoja mpaka mwisho, na siwezi kuyasikia yakidharauliwa nikanyamaza.

Baada yake aliyekuwa akinijibu ni Speciose. Jioni tukishakula mimi nauliza, yeye anajibu, siku nyingine anajibu huku anapiga miayo, nami nakwenda kulala moyo umetulia. Barua yako ilipofika, jioni yake niliuliza kwa mazoea. Akaniambia, "Shangazi, baba amekataa." Hakusema kwa jeuri, na sikumlazimisha. Sasa tunakula, tunaosha vyombo, yeye anachukua Agano Jipya anasoma kimya kimya kama ulivyoagiza mpaka mwanga unakwisha, na mimi nautazama moto. Kwenye mafundisho ya kigango anakaa nje chini ya upenu akinisubiri. Wenzake wanapojibu namwona midomo inacheza. Inaniuma sana, siwezi kukueleza.

Baba Askofu anakuja parokiani baada ya Pasaka kutoa Kipaimara, na majina ya watoto wa kigango chetu napeleka mimi. Ningeweza kuliandika jina lake, na wewe huko usingejua. Nimelifikiria hilo, tena zaidi ya mara moja. Lakini wewe ndiye baba yake, na sijui ningemfundishaje mtoto amri ya kumheshimu baba huku namzunguka baba mwenyewe. Basi nakuomba, kama dada yako, mruhusu. Akishapata Kipaimara chake, wewe urudi umfundishe Biblia yote mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi nitaleta kigoda changu nisikilize, na nitajitahidi kutokubishia sana.

Mama Eufrazia anakusalimu, anasema mgambo amewasamehe. Limi na watoto wake wanakusalimu. Speciose anasema shikamoo baba. Nilimpa kalamu aongeze neno, akasema hana la kuongeza, lakini amekaa hapa karibu tangu nianze kuandika. Msalimu Ndassa. Mwambie sina ugomvi naye, na kwamba namshukuru kwa kukaa na wewe handakini.

Wiki hii barua ya jeshi ilifika Kibimba, kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye mwanawe aliondoka na lori lile lile lenu. Imepigwa taipu na ina muhuri. Mama yule alipoiona tu alikaa chini, hakungoja isomwe. Kwa hiyo, mdogo wangu, usijilazimishe kunifurahisha. Ukiona huwezi kuruhusu, andika hapana. Siku ya Kipaimara nitakaa na Speciose benchi la nyuma tuwatazame wenzake, na sitakulaumu. Ila iandike mapema, na iandike wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako mbaya ule ule. Hiyo hapana yako nitaipokea kwa vigelegele.

Mungu akufunike, wewe na wenzako wote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Scholastika