Uzi wa Kijani Kwenye Spoki

Bakoki wangu Wekesa,

Sijui barua ya namna hii huanza vipi. Kukuuliza hali siwezi, na nikikuambia mimi ni mzima nitakuwa nakudanganya. Nina hasira na wewe. Nimeibeba tangu tulipokuzika kule Bokoli, na leo nimeona afadhali niiandike, maana mama watoto amechoka kuisikia.

Ni wivu, bakoki. Ngoja niutaje jina lake kabla hujanicheka. Wewe sikuonei wivu. Nawaonea wale wengine wote, juu yako.

Unakumbuka siku niliyokuletea pikipiki yangu mpya pale kibandani kwako Bungoma? Nilikuwa nimeinunua Kitale, dukani, na waranti yake na kitabu chake kwenye mfuko wa nailoni. Lakini nilipobadilisha tairi la mbele, usukani ulianza kutetemeka. Kwenye mteremko wa Kamukuywa abiria alinishika mabega akaanza kumwita Yesu. Nikapita mafundi chungu nzima njiani, sikumwangalia hata mmoja, nikaja kwako.

Ulitoa gurudumu, ukalipitisha ekseli, ukaliweka juu ya vile vyuma vyako viwili ulivyochomelea mwenyewe. Ukaliachilia. Likazunguka polepole, likarudi nyuma kidogo, likasimama. "Upande mzito hujishusha wenyewe," ukasema. "Kazi yako ni kunyamaza uone." Mimi kunyamaza! Ukachukua waya wa risasi, ule laini wa mafundi redio, ukauzungushia spoki ya upande wa juu. Ukaongeza, ukapunguza, mpaka gurudumu likawa linatulia popote unapoliacha. Halafu ukachomoa uzi wa kijani kwenye cherehani ya mama Nafula, mkeo, ukaufunga juu ya ule waya. Ukaniinamia sikioni: "Hii uzi ni ya bakoki peke yake. Usionyeshe watu bana, watanisumbua."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Bakoki ndiye huyo: tuliingia jandoni mwaka mmoja, mimi na wewe, tukapakwa tope la mto mmoja tukitetemeka baridi, na wewe ndiye uliyenikanyaga mguu nisionekane naogopa. Kila nilipobadilisha tairi nilirudi kwako kutoka Kitale, safari yote hiyo, na kila mara ukafunga uzi mpya. Nilikuwa nikiegesha pikipiki stejini kwa namna ambayo watu hawataona ile spoki. Siri yetu.

Sasa sikia mambo ya mazishi yako.

Sisi wa bodaboda tulikuja msafara mrefu, matawi yamefungwa kwenye vioo, honi mpaka ng'ombe wa watu wakakata kamba. Tukaegesha pikipiki kwenye shamba lako la mahindi, kando ya hema. Mhubiri akaanza kueleza jinsi ulivyokuwa mtu wa watu, na mimi nikainamisha kichwa nilie. Hapo ndipo nilipoona. Pikipiki iliyokuwa mbele yangu, gurudumu la mbele: uzi wa kijani. Ya kando yake: uzi wa kijani. Nikasimama kama mtu anayetafuta choo, nikatembea katikati ya zile pikipiki nikiinama. Kijani, kijani, kijani. Nikaacha kuhesabu.

Naibei, yule mwendeshaji wa Suam mwenye koti la ngozi, alinikuta hapo nimechuchumaa. Macho yamemwiva kwa kulia. "Hiyo ni yangu," akaniambia. "Mzee alikuwa ananifungia mimi tu. Ati ni siri yetu." Na yule mama wa Ndalu anayebeba vitunguu kwa pikipiki yake mwenyewe akadakia nyuma yake: "Wewe nani? Mimi aliniambia hii ni ya dada yake peke yake."

Dada yako! Nakujua tangu utoto, huna dada.

Sikulia tena, bakoki. Nilikula wali wa matanga kwa hasira, nikaongeza. Wakati wa kutupa udongo nilitupa kidogo tu, kwa makusudi, nikiwaza kwamba wale wengine watakutupia wa kutosha. Ndivyo nilivyokuaga, na iliniuma njia nzima hadi Kitale.

Baada ya hapo nilimwendea mama Nafula. Ameweka cherehani yake pale pale ulipokuwa ukikaa na mafuta yako, na anashona sare za shule. Anaendelea vizuri, ila akisikia pikipiki imepunguza mwendo nje, bado huinua kichwa. Nilimuuliza kuhusu ule uzi, nikitumaini ataniambia wangu ulikuwa tofauti kidogo. Alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. "Simiyu, kijani ndiyo rangi haikuwa inanunuliwa. Ndiyo maana nilikuwa namwachia aharibu." Nilimshukuru kwa chai nikaondoka.

Nilijaribu kukusahau. Kisha rimu ikapasuka.

Si shimo, si ajali. Ni pale rimu ilipounganishwa kiwandani, ufa mwembamba, nikauona nikiosha pikipiki. Waranti ilikuwa bado haijaisha, nikalifungua gurudumu nikalipeleka lile duka la Kitale. Pale kaunta kuna msichana anaitwa Wanjiru, mpole, watu wao ni wakulima huko huko Trans-Nzoia. Akaukagua ufa, akasema hilo ni kosa la kiwanda, nitapewa rimu mpya bila neno. Kisha kidole chake kikafika kwenye spoki yako.

Alinieleza vizuri, na sikumlaumu. Kusawazisha gurudumu, wao wanatambua mashine yao na vibati vyao vya kubandika, basi. Ukitia unga ndani ya tairi, ukitia dawa ya maji, ukifunga waya, waranti ya rimu na beringi imekwisha, kwa sababu gurudumu likiyumba hugonga vitu vingine na wao hawawezi kujua nani kaharibu. Nikamwambia gurudumu hili haliyumbi. Akasema anaamini, lakini kitabu hakiendi kwa imani.

Halafu akashusha sauti. "Wenzako wanakuja na hizi nyuzi kila siku. Mimi nawauliza swali moja tu: kuna fundi mwingine ameshika hii gurudumu? Wakisema hakuna, naandika hakuna." Akasukuma koleo mbele yangu, akaenda kujimiminia chai.

Chini ya kaunta palikuwa na debe la takataka. Nikachungulia. Bakoki, lilikuwa na vipande vya waya, na nyuzi za kijani zimekatwa katikati. Kwenye daftari lililo wazi niliona jina la Naibei wa Suam, na mbele yake: hakuna.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyekuta mahindi ya jirani yameliwa na nyani. Yule aliyelia kwa sauti! Dada yako wa Ndalu sikumwona kwenye ukurasa ule, lakini nilitumaini yumo kwenye ukurasa mwingine.

Furaha yenyewe haikukaa, maana koleo lilikuwa bado mbele yangu. Nililishika. Nikaliweka kwenye waya. Nikasema moyoni, hata yeye mwenyewe angesema kata, mjinga wewe, watoto wapate kula. Na ungesema hivyo, nakujua. Kukata ningeweza. Ningetia mfukoni. Lakini kile kingine, cha kumtazama msichana wa watu na kusema hakuna aliyeshika, hakuna Wekesa, hajakuwepo mtu wa namna hiyo Bungoma... Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa dhiki yako ilikuwa hiyo, swali moja tu kwenye kaunta, na wewe hupo kujijibia.

Wanjiru akarudi na kikombe chake. "Kuna fundi mwingine ameshika?"

"Ameshika," nikasema. "Wekesa wa Bungoma. Bakoki yangu. Andika na jina."

Akaandika. Nikanyimwa rimu.

Nyumbani moto ulikuwa unaningoja. Mke wangu, mama Nekesa, alikuwa amehesabu kwamba msimu huu tungeezeka jiko mabati, na mabati hayo ndiyo yaliyogeuka rimu. "Ati umekataa rimu ya bure kwa sababu ya uzi?" Nikamweleza habari ya Naibei, ya dada wa Ndalu, ya debe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria. "Miaka yote hii, Simiyu, mimi hujawahi kunionea wivu hivyo hata siku moja." Mpaka leo ananikatia ugali mdogo.

Nilienda kuazima vile vyuma vyako viwili. Mama Nafula alikuwa akianikia vitambaa juu yake. Nikaliweka gurudumu jipya, nikaliachilia, nikanyamaza kama ulivyotaka. Likazunguka, likarudi, likasimama. Nikatumia waya wako ule ule, niliouvua kwenye spoki ya zamani, na ulizidi, kwa sababu rimu hii uzito wake ni mwingine. Mama Nafula akaniambia labda ndivyo ulivyomaanisha, kwamba kila gurudumu lina waya wake, basi kila mtu kweli alikuwa peke yake. Nikamwambia asikutetee. Ulikuwa muongo, na ulitaka kila mtu akupende zaidi. Ukafaulu.

Kipande kilichozidi nimekiweka kwenye kopo la sukari, na jiko letu bado linavuja. Mvua ikipungua nitakuja Bokoli kupalilia kaburi lako, na safari hii udongo nitatupia wa kutosha. Nakuahidi pia hivi: popote atakaponiuliza mtu ni nani alinisawazishia gurudumu, nitakutaja, hata kama jibu lina gharama. Lala salama, bakoki. Nikija huko nikute hujamfungia malaika yeyote uzi wa kijani, la sivyo tutagombana mbele ya Mungu.

Uliniambia ule uzi ni wangu peke yangu. Ulikuwa uongo. Nimetoa rimu nzima na mabati ya jiko, na sasa ni kweli.

Bakoki yako,
Simiyu