Kwa Kalman Tepperman, Aliyetoka Kila Jumanne

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya mwezi wa Shevati wa kalenda yetu ya Kiyahudi uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya kwenda kufungua duka, ukajinyoosha moja kwa moja. Kwa kalenda yetu umetimia leo. Kwa kalenda ya benki bado siku tisa. Mama amewasha mshumaa wako wa kumbukumbu, ule wa siku nzima, akauweka juu ya friji. Wewe ungesema si mahali pake, lakini hukuwepo kumkataza.

Kwa wasiokujua: ulikuwa fundi miwani katika barabara ya Bathurst, Toronto, kwa miaka thelathini na minane. Ulishindwa kabisa kuzungumza na mtu mwenye miwani michafu. Ulimvua usoni bila kuomba ruhusa, ukaifuta kwa kitambaa chako cha njano, ukamrudishia, ndipo ukamwuliza hali. Rabi alishazoea. Askari aliyekuja kukuandikia faini kwa sababu ya theluji mlangoni hakuwa amezoea, ila aliondoka akiona vizuri na faini hakuiandika.

Miwani iliyosahauliwa dukani uliiweka kwenye kasha la mbao, kila moja na kikaratasi chake: siku ilipookotwa, na kama ilikuwa kwenye kiti au kaunta. Kila mwezi ulibandika tangazo kwenye ukuta wa sinagogi. Mama alikuambia, "Kalman, mwenye hii alishakufa." Ukamjibu, "Kufa si kukata tamaa. Huenda ameacha mtoto mwenye macho kama yake."

Na kila Jumanne saa moja jioni ulivaa kofia, ukatia kwapani faili lako la kijani, ukaenda kwenye kamati ya shule yetu ya dini. Ni kamati inayosoma fomu za wazazi wasioweza kulipa ada yote. Mnakaa watu watano, na sisi ni kijiji kidogo ndani ya jiji kubwa. Jumanne unajua nani kashindwa kulipa umeme, Jumamosi unasimama naye bega kwa bega kwenye sala. Hukuwahi kutoa neno. Mama alijaribu miaka yote.

"Hata herufi ya kwanza ya jina lake?"

"Fruma, kula samaki."

Sasa nitasema jambo ambalo wewe usingelisema, kwa kuwa nimechoka kulibeba peke yangu.

Miaka minne iliyopita Shaindel, mjukuu wako wa kwanza, alikuwa anakaribia darasa la kwanza. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimempunguzia mume wangu Ephraim siku mbili za kazi kwa wiki. Ada ya shule ya dini ilikuwa dola elfu ishirini na mbili kwa mwaka, kwa mtoto mmoja, na mdogo wake Gavriel alikuwa ameshazaliwa. Ng'ambo ya barabara shule ya Wakatoliki inalipiwa na serikali, kengele na sanamu na kila kitu. Ya kwetu hailipiwi. Ndivyo ilivyo Ontario tangu zamani. Wewe ulikuwa ukipita pale unagusa kofia na kusema, "Wajanja hawa. Babu zao walisaini na serikali mapema."

Tulikaa jikoni, mimi na mkweo, tukapima.

"Hii siyo ada, ni mahari," alisema Ephraim. "Na bibi harusi ana miaka sita."

"Montreal serikali inachangia kidogo."

"Twende Montreal, baba yako atamfuta nani miwani?"

"Basi tumfundishe nyumbani."

"Nani amfundishe? Wewe uliyelia ukimfundisha kufunga kamba za viatu?"

"Shule ya serikali, mume wangu. Bure. Halafu tutafute mwalimu wa dini wa alasiri."

"Mwalimu naye bure?"

"Mwalimu si bure."

"Na fomu je, Tzivia? Tungejaza fomu tu."

Hapo nilinyamaza, na ukimya ule ndio ulioamua. Fomu ile naijua, Baba. Inauliza gari lako ni la mwaka gani, sikukuu ya Pesaka mlikula wapi, nani anawafagilia nyumba. Hayo ningeandika. Lakini ukurasa wa tatu unauliza: Je, babu na bibi wa watoto wanaweza kuchangia? Ningelazimika kuandika "Hawawezi", na msomaji wa kwanza ungekuwa wewe, na wenzako wanne wakikutazama. Fundi miwani aliyekaa miaka mingi akipima shida za watu, sasa apimwe yake kwa mwandiko wa binti yake. Nilisema hapana. Nilijiambia ni heshima. Mficha uchi hazai, hilo nalo nilikuwa nalijua.

Tulikuja dukani kukuambia. Ulinivua miwani, ukaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Shule ya serikali," ulisema.

"Ndiyo, Baba. Tumefikiri sana."

"Inatoka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Basi saa kumi kasoro dakika kumi awe hapa. Na aje ameshakula, mimi njaa ya mtoto siiwezi."

Ukanivika miwani yangu. Nilidhani umekasirika. Ephraim akasema njiani kwamba umetuona tumelegea katika dini na unataka kumwokoa mtoto. Tulibishana mpaka kwenye taa za barabarani, na wote wawili tulikuwa tumekosea.

Ukweli usemwe, shule ile haikumdhuru. Mwalimu Fernandes alijifunza kutafuta muhuri wa rabi, wa chakula tunachoruhusiwa, kwenye keki za siku za kuzaliwa, na mara moja alimrudishia muuza duka keki yake kwa sababu muhuri ulikuwa umefutika. Mechi za mpira zilikuwa Jumamosi, siku yetu ya Sabato, kwa hiyo Shaindel hakucheza. Wimbo wa Krismasi aliuimba nusu, sehemu ya theluji na kengele, akafunga mdomo palipobaki. Alikuwa na rafiki Mtamil na rafiki Mreno, na hisabati yake ilikuwa safi. Mimi si mtu wa kuisema vibaya shule iliyomlea mwanangu kwa kodi ya majirani.

Lakini saa kumi kasoro dakika kumi alikuwa kwako, nyuma ya kaunta, kwenye kile kiti kirefu chenye mguu uliofungwa waya. Ulimfundisha kusoma Kiebrania kwa ubao wa kupimia macho uliouandika mwenyewe, herufi kubwa juu, ndogo chini. Mteja akiingia unamwambia, "Subiri, tuko mstari wa tano." Wateja walisubiri. Wengine walianza kusoma naye. Mama mmoja wa Kifilipino aliyekuja kutengeneza fremu alifika mstari wa nne.

Mwaka wa tatu mlianza sheria ya dini yetu ya vitu vilivyookotwa. Nilikuwa nimekuja kumchukua, nikawakuta, yeye akikuita Zeidi, yaani babu.

"Nimeokota miwani barabarani," ulisema. "Ni yangu?"

"Inategemea, Zeidi. Kama mwenyewe amekata tamaa."

"Na wewe umejuaje kama amekata tamaa?"

"Sijui."

"Kwa hiyo?"

"Namwuliza."

"Humjui ni nani. Utamwulizaje?"

Alifikiri. "Natangaza. Nikitangaza, nimeuliza watu wote."

Ulifurahi hivi kwamba ulimpa kitambaa cha njano akushikie. Wiki mbili baadaye ulijinyoosha. Mlikuwa mmefika katikati.

Siku saba za matanga tulikaa kwenye viti vifupi, kama ilivyo desturi, na mgeni haongei mpaka mfiwa aongee. Siku ya tatu alikuja Lazer Nussbaum, mwenyekiti wa kamati yako. Alikaa akaangalia viatu vyake. Nikamhurumia, nikaanza mimi.

"Mtamkosa Jumanne, Bwana Nussbaum. Miaka kumi na minane."

"Kumi na mitano," alisema. "Hii mitatu ya mwisho hakuwa nasi. Alijitoa."

Mama akasema, "Lazer, umechoka. Mume wangu alitoka kila Jumanne. Kofia kichwani, faili kwapani. Hata juma lililopita."

"Alikokuwa akienda sijui, Bi Fruma. Kwetu hakuja."

"Alijitoa lini?" niliuliza.

"Majira ya baridi, kabla mtoto wenu hajaanza darasa la kwanza. Alisema, 'Kuna mtu anaogopa kuleta fomu kwa sababu yangu. Nikiondoka ataleta.' Jina hakulitaja. Hatukuwa wajinga, Tzivia. Tulimwachia nafasi mtoto wako mpaka Juni."

Nilimwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema kanuni ya kamati inamkataza mjumbe kumshawishi ndugu yake aombe, na kwamba wewe ulikata shauri kanuni hiyo inakubana hata baada ya kutoka. Ndivyo ulivyokuwa. Ungeokota dola mlangoni kwako ungeibandikia tangazo.

Basi wewe ulifungua mlango ukasimama pembeni kimya, ili nisione haya. Nami nikapita mbali na mlango kimya, ili usione haya wewe. Tulikuwa tunakula pamoja kila Ijumaa, tukipeana mkate na chumvi. Nilipolijua hili nilikukasirikia, Baba, siku mbili nzima za matanga yako. Watu waliniona nalia wakasema binti anampenda baba yake. Nilikuwa nakupenda, na ningekutikisa mabega.

Kilichobaki ni Jumanne. Mama alikaa na swali hilo mpaka siku ya sita, chakula hakishuki. Mjane anapoambiwa mumewe alikuwa akitoka na faili kila juma kwa miaka mitatu bila kujulikana aendako, mawazo hayana breki. Shaindel alikuwa chini ya meza akimchezesha Gavriel.

"Alikuwa maktaba," alisema.

"Maktaba gani?" Mama aliuliza.

"Ya karibu na kituo cha basi. Alikuwa akiniandikia masomo ya juma zima. Mbona masomo yangu yote yameandikwa kwa zile penseli fupi za maktaba?"

"Kwa nini hukutuambia, mpenzi wangu?"

"Hamkuniuliza."

Mama akaomba samaki, akala.

Ulitoka na kofia na faili ili barabara nzima isijiulize kwa nini Tepperman ameacha kamati, kwa maana kabla ya supu ya Ijumaa wangekuwa wameshanitaja mimi. Mama ameniagiza niandike kwamba amekusamehe Jumanne zote, ila ungemwambia yeye. Nami naandika.

Mwaka huu umekuwa mgumu kwa namna ndogondogo. Ephraim amekusalia sala ya wafiwa miezi kumi na mmoja, kama ilivyo desturi, hakukosa siku, hata siku ya theluji mabasi yaliposimama. Mwalimu wa alasiri tulimpata. Alikuwa mpole na alitazama saa. Tulijaribu masomo ya kompyuta. Shaindel alijifunza kuyafungua na kutazama kitu kingine. Ndugu yake anaanza darasa la kwanza Septemba, na ubao wako wa macho hawezi kuusoma kupita mstari wa pili. Nilimwuliza Shaindel, safari hii nilimwuliza, anataka nini. Alisema anampenda Mwalimu Fernandes na hataki kumwacha. Kisha akasema, "Lakini pale hakuna anayejua Zeidi aliishia wapi."

Kwa hiyo mwezi uliopita tulikaa tena jikoni, watu wale wale, meza ile ile, tukapima upya. Shule ya serikali ni nzuri na ni bure. Montreal iko mbali na kaburi lako. Nyumbani mwalimu ni mimi, na kamba za viatu bado zinatutoa machozi wote. Ephraim aliniletea fomu na kalamu, akaondoka chumbani, akisema anakwenda kutazama gari. Gari la mwaka gani, nimeandika. Pesaka tulikula kwa Mama. Tunafagia wenyewe.

Nimeipeleka kwa mkono wangu Jumanne, saa moja jioni, kwenye mlango ule uliotokea wewe. Bwana Nussbaum aliipokea, na miwani yake ilikuwa michafu sana. Majibu hutoka baada ya Pesaka. Wanaweza kukataa, nafasi ni chache na wenye shida ni wengi, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Wakikataa, Shaindel atabaki na Mwalimu Fernandes, nami nitajifunza mstari kwa mstari kutoka madaftari yako ya penseli, nimfundishe yeye na mdogo wake.

Ila ukurasa wa tatu nimeujaza. Pale wanapouliza kama babu na bibi wa watoto wanaweza kuchangia, nimeandika kwa wino, kwa herufi za mstari wa kwanza, ili asome hata asiyeona vizuri: *Babu ameshachangia.*

Unakumbukwa na mkeo Fruma. Binti yako Tzivia na mkweo Ephraim. Wajukuu wako Shaindel na Gavriel. Dada yako Breindel aliyeko Winnipeg. Na wenye miwani kumi na saba ambao bado hawajakata tamaa. Kasha liko kwetu sasa, na tangazo hubandikwa kila mwezi.

Hatutakusahau, Baba, wala hatutanyamaza tena.