Mstari wa Tatu wa Bibi

Mjini Ibra, Uarabuni, Alhamisi. Joto limeanza kukaza, vumbi limeingia mpaka kabatini, na mimi nimekasirika.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikapiga kelele.

Jumamosi Asila, binti wa shangazi yangu, anaolewa. Ameniomba niimbe ukumbini kwa wanawake, ule wimbo wa marehemu bibi yetu. Nikakubali. Asubuhi shangazi kasikia, akaacha kuchambua mchele.

"Wewe mtoto una wazimu? Waimbaji wa kukodi wapo, na ngoma zao. Sisi watu wa kuimbiwa, si wa kuimba!"

"Shangazi, mbona bibi aliimba?"

"Aliimba Unguja. Huku aliimba jikoni. Wallahi ukishika maikrofoni mbele za watu, mimi natoka ukumbini."

Atatoka kweli. Namjua, ndiye aliyenilea.

Kinachonichoma ni lile neno, wa kukodi. Tunacheza kwa ngoma zao, kisha hatuli nao sinia moja, eti kwa kuwa babu zao walikuwa watumwa.

Mwezi huu, kila nikirudi kutoka kazini Nizwa, nasikiliza bluzi garini. Ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa. Ulitoka kwenye mashamba ya pamba, kwenye nyimbo za kazi na za ibada. Nilidhani ni mambo ya wanaume na magitaa yao. Kumbe waliotangulia kuuimba kwenye santuri ni wanawake.

Walivaa shanga na manyoya, wakaimba habari za mume aliyeondoka, za kufua nguo za watu, za njaa. Watu wa heshima wakawaita wahuni. Wengine wakasema huo muziki wa shetani.

Wakaimba vilevile.

Namna yao ni hii: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unajibu. Kama mtu anayesema jambo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakusikilizwa.

Bibi alikuwa hivyohivyo. Akisugua sufuria, anaimba:

Sauti yangu nimeiacha ng'ambo ya maji.
Sauti yangu nimeiacha ng'ambo ya maji.

Halafu anatazama mlangoni, asije akawepo mgeni, na wa tatu anaumeza. Amekufa nao. Sijawahi kuusikia.

Miaka yote hiyo katika nyumba hii, na mwanamke hakuweza kumaliza wimbo wake.

Naogopa? Naogopa. Sitaki shangazi aninunie. Lakini sitaki pia kuzeeka nikitazama mlango.

Basi nimeuandika mwenyewe:

Mjukuu wako nimeiona, ninayo hapa kooni.

Jumamosi nitalitaja jina la bibi kwanza, kisha nitaimba mistari yote mitatu, pamoja na wale wapiga ngoma. Shangazi akitoka, atoke. Nitaomba tu mlango uachwe wazi, anisikie mpaka kwenye gari.