Keki Iliyosimama Mombasa

Jumamosi, 16 Novemba 1957

Nimerudi kutoka mnada wa Ndabibi, ng'ambo ya ziwa letu, na kitabu kipya. Mzungu mmoja ameuza shamba, na vitu vyake vilitandazwa nyasini: vitanda, matandiko ya farasi, gramafoni. Watu waligombania gramafoni. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la jikoni. Chini kabisa, chini ya vifuniko vya sufuria — kitabu cha keki, jalada la buluu, mgongo umelegea. Rafu ya pili sasa imejaa.

Kitabu cha mapishi husomwa madoa kabla ya maneno. Ukurasa msafi ni chakula ambacho hakikupikwa. Ukurasa wenye mafuta, huo ndio walioupenda. Humu kurasa za keki ya tangawizi zimegandana kabisa, lakini ule wa keki ya harusi ni mweupe, haujaguswa. Labda hawakuwa na binti.

Mimi ninaye. Adero anaolewa tarehe kumi na nne mwezi ujao, na karani wa stesheni ya Longonot. Keki nitaoka mwenyewe. Miaka yangu yote ya reli nilipika kwenye behewa la chakula, na tangu mama yake afariki nimempikia yeye pia, kutoka vitabu hivi hivi. Alipougua surua, uji wake ulitoka kwenye sura ya wagonjwa ya kile kitabu chekundu. Doa lipo mpaka leo.

Jumatano, 20 Novemba

Kaka yangu Omolo amefika asubuhi kwa gari la moshi. Amekuja kusimamia harusi, maana ndiye mkubwa wetu. Hata chai hakuimaliza, akaiona rafu. Akauliza kama zote hizo ni Biblia. Nikamweleza kwa utaratibu: hiki cha supu, hiki cha samaki, hiki kiliandikwa na memsahibu wa hapa hapa nchini, na pembeni ameweka amri za kumpa mpishi, kwa Kiswahili chake — "Wewe leta mayai, hapana vunja." Mimi hucheka kila nikiisoma hiyo.

Omolo hakucheka. "Omera, ndugu yangu," akasema, "wanaume wa kwetu wanafuga ng'ombe. Wewe unafuga vitabu vya uji."

Ni kaka yangu. Nikampikia nyama ya bizari kutoka kitabu cha pili kushoto, akala, akaongeza, akavunja mfupa kutafuta uboho. Shukrani sikusikia.

Jumapili, 24 Novemba

Nina hasira. Naandika ili nisivunje kitu.

Baada ya kanisa Omolo aliitisha kikao. Sharti nieleze vizuri. Kwetu mwanamume haingii jikoni kwa mkewe, hata kuomba chumvi. Kupika kwangu kwenye reli walinisamehe, kwa kuwa ilikuwa kazi ya Mzungu, ina sare na ina pensheni. Lakini baba wa bibi harusi kuoka keki mbele ya wakwe! Omolo anasema watakwenda kutangaza kwamba wameoa kwa mwanamke mwenye ndevu. Kwa hiyo keki ataoka Milcah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Hayo ningeyameza. Omolo ni Omolo. Nikamgeukia Adero. Anafundisha darasa la kwanza, si mtu wa kuogopa kusema. Akatazama viatu vyake.

"Baba, ni siku hiyo moja tu," akasema. "Usionekane na aproni."

Siku hiyo moja tu! Huyu aliyekuwa akipanda juu ya kigoda alambe mwiko wangu! Nani alimwona na aproni wakati ule, nani akamwonea haya?

Jumatatu, 25 Novemba

Bado nina hasira. Nimepangusa vumbi la ziwa kwenye vitabu, kimoja kimoja. Haikusaidia.

Alhamisi, 5 Desemba

Milcah amekuja kuazima kitabu cha buluu. Ni mama wa heshima, sina ugomvi naye. Keki ya matunda hawezi kuoka kwa sababu inataka brandi, na mchungaji amekataa pombe hata ndani ya unga. Amechagua keki nyepesi ya mayai, ya ghorofa tatu. Hajawahi kuioka. Anajua mikate na maandazi.

Sasa niandike hapa nisichomwambia. Kitabu hicho kiliandikwa Uingereza, karibu na bahari. Sisi tuko juu. Huku hewa ni nyembamba, maji huchemka kabla hayajapata moto wake kamili, na keki huumuka upesi kuliko inavyokauka. Inapanda, inajisifu, inaanguka. Reli ndiyo iliyonifundisha: keki iliyosimama Mombasa hulala Nakuru, na ukifika Timboroa, juu kabisa, imekuwa chapati. Dawa yake si ngumu. Punguza bekin pauda, punguza sukari, ongeza unga kidogo, zidisha moto. Sikuandika hayo kitabuni, maana sichori vitabu. Yako kichwani.

Milcah aliuliza akiwa mlangoni: "Mzee Dalmas, kuna la kuongeza?"

Mimi! Mimi ambaye wauza mboga wakiniona nakuja hujifanya wanahesabu vitunguu, wasije wakaelezwa jambo. Nikasema, "Fuata kitabu."

Jumatatu, 9 Desemba

Asubuhi nilitoka nikamwambie Milcah. Nilifika hadi mlangoni pake. Ndani Omolo alikuwa akiwaigizia akina mama jinsi nilivyokuwa nikitembea kwenye behewa, kofia ndefu nyeupe, sinia mkononi, gari likiyumba. Walicheka sana. Kicheko kimoja nilikijua, nimekilea.

Nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 13 Desemba

Wakwe wameshuka kwa gari la mchana. Wamekaa uani kwa Milcah, mbele ya jiko, na Omolo anawapigia hadithi za ng'ombe. Tangu saa nane napata harufu ya sukari inayoungua. Kisha wanawake wakanyamaza wote. Wanawake wa kanisa hawanyamazi bure.

Adero ameingia kwangu, kitabu cha buluu kifuani, unga kwenye nyusi. Amesema keki zimeanguka zote, katikati, kama kofia zilizokaliwa. Mayai yaliyobaki yanatosha kujaribu mara moja. Akauliza kama kitabu kina makosa.

Nikamweleza. Bahari, hewa, moto, Timboroa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua tangu Milcah alipokiazima," akasema.

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Mlitaka nisionekane. Sikuonekana."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaweka tayari, nikidhani siku yakitoka nitashiba. Yamenibakia ulimini kama magadi.

Hakulia. Alifungua sanduku langu la bati, akatoa aproni ya reli, akaikung'uta. Jiko la Milcah lina mlango mmoja, na wakwe wameukalia. Nikamwambia amwite Milcah nimpe vipimo hapa hapa, ndani, hakuna atakayejua. Hasira haijaisha, lakini keki ni yake, na kesho ni kesho.

"Hapana, Baba," akasema. "Utapita mlangoni." Akanivisha kamba ya shingoni kama mtu anayemvika mtoto, akatoka na kitabu.

Nimemsikia kupitia ukutani. Alisalimu kwanza, kwa adabu, kama nilivyomfunza. Kisha sauti yake ya darasani:

"Wazee, baba yangu anakuja kuoka keki yangu. Naomba mumpe njia."

Omolo amekohoa. Hakuna aliyecheka. Naandika nimesimama, kamba za kiunoni bado sijazifunga. Sasa viti vinaburutwa kwenye changarawe, vingi kwa pamoja, na kwa kusikia tu siwezi kujua kama wanasogea kunipisha au wanainuka waende zao.